Nyasi za Kompaundi kwa Mvua Mbili za Uganda: Mbolea Lini, Magugu Vipi

Miongozo mingi ya kutunza nyasi imeandikwa kwa watu wenye theluji. Inakwambia uweke mbolea majani ya miti yanapopukutika, upumzike baridi ikiingia, uanze tena barafu ikiyeyuka. Nyasi za Jinja, Mukono au Mbarara hazijui habari hizo. Hapa mwanga ni saa 12 kila siku, mwaka mzima, na joto halishuki kiasi cha kulaza nyasi. Kinachoamua zikue au zisimame ni maji. Kwa hiyo kalenda yako ni mvua: ya kwanza, ambayo Waganda huiita ttoggo, kuanzia Machi hadi Mei, na ya pili, ddumbi, kuanzia Septemba hadi Novemba, pengine ikavuka hadi Desemba. Katikati kuna viangazi viwili. Ukiwa Gulu au Lira, mvua yako ni msimu mmoja mrefu, Aprili hadi Oktoba hivi, unaolegea kidogo katikati.

Jambo la pili ni mpangilio. Mwenye nyumba akiona magugu hukimbilia dukani kununua dawa. Mimi dawa naiweka mwisho, kwa sababu gugu huota palipo wazi. Ukiliua na pale pakabaki wazi, mwezi ujao litaota lingine. Kinachoziba pale ni nyasi zenyewe, na nyasi haziwezi kuziba kama zinakatwa hadi udongoni na kulishwa mara moja kwa miaka mitatu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini, kwenye udongo.

Zijue nyasi zako

Kompaundi nyingi za Kampala na kandokando ya Ziwa Victoria zina paspalamu. Majani yake ni mapana, inatambaa kwa mashina manene yanayoonekana juu ya udongo, na usipoikata hutoa kikonyo chenye vidole viwili vilivyoachana kama herufi V. Haili sana na huvumilia udongo mbaya, ndiyo maana mafundi huipenda. Ukoka una majani membamba, na kichwa chake cha mbegu kina vidole vitatu hadi sita kama unyayo wa ndege. Ukoka unataka jua siku nzima. Chini ya mwembe utakonda na kufa hata ukiumwagia gunia la mbolea. Juu milimani, Kabale au Kapchorwa, utakutana na nyasi ya Kikuyu, laini, yenye mashina ya kutambaa yaliyonona. Hiyo inakula kuliko zote.

Lazima ujue unayo ipi, maana kipimo cha kukata na kiasi cha chakula vinategemea hapo.

Pima uwanja kabla ya kupima mbolea

Uganda tunanunua ardhi kwa desimali, basi tupime nyasi kwa desimali. Desimali moja ni kama mita za mraba 40. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu hivi, ambazo mawakala wa viwanja huziita 12. Toa nyumba, maegesho, choo cha nje, migomba na kamba ya nguo, na watu wengi hubaki na desimali tatu au nne za nyasi. Pima kwa hatua zako: hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Urefu mara upana, gawanya kwa 40. Andika jibu ukutani stoo, utalihitaji kila msimu.

Februari na Agosti: shughulikia udongo

Nyumba mpya nyingi hazina udongo, zina kifusi. Fundi alipochimba msingi aliurusha ule udongo mwekundu wa chini juu ya ule mweusi, akaukanyaga na lori la mchanga, kisha akapandikiza paspalamu juu yake siku mbili kabla hujahamia. Chukua bisibisi ndefu uisukume ardhini siku moja baada ya mvua. Ikigoma kuingia zaidi ya kidole kimoja, tatizo lako ni ugumu wa ardhi, na mbolea itateleza juu yake kama maji juu ya jani la yugwa.

Dawa yake ni uma wa bustani, ule wa meno manne. Uchome hadi sentimita 10, utikise kidogo, uchomoe, songa mbele hatua ya kiganja. Ni kazi ya kuchosha. Usiifanye ardhi ikiwa jiwe, subiri manyunyu ya kwanza. Kisha mwaga mboji iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita, uisambaze kwa reki mpaka ncha za majani zionekane. Kwa desimali moja hizo ni toroli tatu hadi nne.

Neno kuhusu samadi ya kuku. Inauzwa kwa magunia kila mahali, imechanganyika na maganda ya kahawa yaliyotandikwa bandani, na ni mbolea nzuri sana ikishaoza. Ikiwa mbichi inaunguza. Rundike chini ya turubai miezi miwili au mitatu, ukiigeuza. Chomeka fimbo ya chuma katikati ya lundo, ngoja dakika kumi, uishike: ikiwa ya moto, bado. Samadi ya ng'ombe nayo isipooza vizuri huja na mbegu za magugu zilizopita tumboni zikiwa salama, na utakuwa umelipia usafiri wa magugu kutoka Kayunga mpaka mlangoni kwako.

Ukiweza, pima udongo. Maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo pale Kawanda hufanya kazi hiyo, na Chuo Kikuu cha Makerere pia. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10 sehemu kumi tofauti, uchanganye kwenye ndoo safi, uanike kivulini, upeleke nusu kilo. Udongo mwekundu wetu mara nyingi una asidi, na majibu yakisema uweke chokaa ya kilimo, iweke mwishoni mwa kiangazi kwa kiasi walichokwambia. Usiichanganye na mbolea ya yurea wala kuvifuatanisha siku hiyohiyo, kwa sababu chokaa huigeuza naitrojeni kuwa hewa ikapaa. Acha wiki tatu au nne katikati. Bila majibu ya maabara, usiweke chokaa kwa kukisia.

Mbolea: mara mbili kwa wavivu, mara nne kwa wenye ukoka

Subiri mvua ishike. Mvua ya kwanza ya Machi mara nyingi ni ya kudanganya: inanyesha Jumanne, jua linawaka siku kumi. Mimi hungoja mvua tatu za maana na nione majani mapya. Hiyo huangukia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, na tena katikati ya Septemba.

Lisho la kwanza la kila mvua ni NPK 17-17-17. Namba hizo ni asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Nyasi zinahitaji kama gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa lisho moja, kwa hiyo unaweka gramu 30 za mbolea kwa mita ya mraba, yaani kilo 1 na gramu 200 kwa desimali. Mwenye desimali tatu anatumia kilo 3.6 kwa msimu, kilo 7.2 kwa mwaka. Mfuko wa kilo 50 utakukalia karibu miaka saba na utageuka jiwe stoo. Nunua kwa kilo, ila ona mfuko ukifunguliwa mbele yako na uhakikishe punje ni kavu na hazijashikana.

Paspalamu ya kawaida inatosheka na hayo malisho mawili. Ukoka na nyasi ya Kikuyu hufaidika na lisho jepesi la katikati, mwisho wa Aprili na katikati ya Oktoba: CAN, ile mbolea ya naitrojeni yenye kalisi, gramu 600 kwa desimali, au yurea gramu 400. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ukikosea kidogo umekosea sana. Changanya na ndoo ya mchanga mkavu ili mkono usirushe lundo. Mwenye mvua moja ndefu kaskazini aweke 17-17-17 mwezi wa tano, na lisho jepesi mwezi wa nane.

Kwenye mvua mbili, baada ya katikati ya Novemba, na baada ya katikati ya Mei, usiweke kitu. Ukizilisha nyasi na kiangazi kiko mlangoni, zitaotesha majani mengi ambayo mizizi haitaweza kuyanywesha.

Namna ya kumwaga. Gawa mbolea yako mafungu mawili kabla ya kuanza. Fungu la kwanza limwage ukitembea kutoka geti kwenda barazani, fungu la pili ukikata njia hiyo, kutoka ukuta hadi ukuta. Majani yawe makavu, maana punje ikinata kwenye jani bichi hulichoma. Ukimaliza, nyunyizia maji mpaka punje zishuke, au fanya kazi hiyo jioni ambayo unaona mvua nyepesi inakuja. Mwaka mmoja nilipigiwa simu katikati ya kazi, nikasimama nikiongea na ndoo imeinama mkononi. Baada ya siku nne pakatokea duara la njano lenye ukubwa wa sufuria ya ugali, na kulizunguka pete ya kijani kibichi kabisa, nyasi zimeruka urefu mara mbili ya nyingine. Wageni walikuwa wakiniuliza kama kuna kitu kimezikwa pale. Lile duara lilichukua mvua nzima kuziba.

Mvua kubwa ikinukia, ahirisha. Mbolea iliyosombwa haipotei. Inaingia mtaroni, na Kampala mitaro mingi inaishia mfereji wa Nakivubo, na mfereji unaishia ghuba ya Murchison, ambako maji ya bomba ya jiji huchotwa pale Ggaba. Chakula ulichokosa kukipa nyasi zako kinalisha gugu maji na ule ute wa kijani ziwani. Fagia punje zilizoanguka kwenye sakafu ya maegesho uzirudishe kwenye nyasi.

Kisu ndicho dawa ya kwanza ya magugu

Slasha ya Uganda, lile fyekeo la mkono, ina tabia yake. Kijana analipwa kwa siku, anataka akae wiki nyingi bila kurudi, na wewe unataka uone kazi imefanyika. Mnakubaliana kimyakimya kunyoa hadi udongo mwekundu uonekane. Siku ya tatu, mbegu za magugu zilizolala mwaka mzima zikingojea mwanga zinaupata.

Paspalamu iache sentimita 6 hadi 8. Ukoka 3 hadi 4. Nyasi ya Kikuyu 4 hadi 5. Kila mara ondoa theluthi moja tu ya urefu. Zikiwa zimekuzidi, shusha kwa awamu mbili, wiki moja katikati. Wakati wa mvua hiyo maana yake ni kukata kila siku saba hadi kumi. Noa kisu: jani lililochanwa badala ya kukatwa hugeuka kijivu nchani. Mabaki mafupi yaache palepale, yanarudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo ungeinunua.

Ninajua kukata mara nyingi ni gharama. Lakini piga hesabu ya dawa, pampu, na mtu wa kupuliza, kisha uniambie.

Magugu, moja baada ya jingine

Kishona nguo, ambacho Waganda wanakiita ssere, na kafumbe hazistahili hofu. Ni za msimu mmoja, mizizi yake ni mifupi, zinang'oka kwa vidole viwili baada ya mvua. Sheria ni moja: zing'oe kabla ya ua kukauka. Ukichelewa hadi zile sindano nyeusi za kishona nguo zishike suruali yako, umeshakuwa mpanzi.

Kifauongo, weewumbeko kwa Kiganda, watoto wanalipenda kwa sababu hujikunja likiguswa. Lina miiba na mzizi mgumu. Tumia kisu chembamba, kata chini ya shingo ya mzizi, usivute kwa mkono mtupu.

Kongwa, lile lenye ua la buluu, hupenda kivuli na unyevu. Kila pingili iliyokatika inaota upya, kwa hiyo usiliache chini baada ya kuling'oa, wala usilifyeke kwa slasha ukitumaini litakufa. Kusanya kwenye ndoo, lianike juu ya bati mpaka liwe karatasi.

Sasa ndago. Hapa ndipo watu hulia. Kwa mbali linafanana na nyasi, ila ni la kijani kinachong'aa na hukua haraka kuliko nyasi zako, siku mbili baada ya kukata tayari limesimama juu ya wenzake. Shika shina lake ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada: utahisi kona tatu. Shina la nyasi ni la mviringo au bapa, la ndago ni pembetatu. Sasa usilivute. Chimba taratibu kwa kijiti na utaona chini kiazi kidogo cheusi, kama punje ya njugu, na kutoka kwake uzi mwembamba unaoenda kwenye kiazi kingine, na kingine, kama shanga. Ukivuta, uzi unakatika, na vile viazi vilivyokuwa vimelala vinaamka kila kimoja na jani lake. Ndiyo maana bustani inayopaliliwa kwa jembe kila wiki ina ndago nyingi kuliko ya jirani mvivu.

Palipo na mashina machache, chimba na uma udongo ukiwa mbichi, fuata uzi, toa viazi vyote, uvichome au uvianike. Usivitupe kwenye mboji. Palipotapakaa, lisha nyasi zako vizuri na uziache ziwe ndefu, kwa kuwa ndago haipendi kivuli. Halosulfuroni ndiyo dawa inayoiua na kuacha paspalamu na ukoka. Kama muuzaji wako anayo, soma lebo uhakikishe nyasi yako imetajwa. Tarajia kurudia.

Gugu baya kuliko yote ni lumbugu, kwa sababu lenyewe ni nyasi. Mizizi yake ya chini ni myeupe, yenye ncha kali inayoweza kutoboa kiazi kitamu. Mzee mmoja wa Busoga aliyekuwa akinisaidia bustani alilitazama, akatema mate pembeni, akasema, "Huyu hafi kwa jembe. Huyu anazaliwa kwa jembe." Hakuna dawa itakayoliua ndani ya paspalamu na kuiacha paspalamu yenyewe. Kinachobaki ni kulichimba lote pale lilipoanza, au kulipaka glaifoseti jani kwa jani. Vaa glavu ya mpira, juu yake soksi kuukuu ya pamba, chovya soksi kwenye dawa, kamua isidondoke, kisha pitisha kiganja kwenye majani ya lumbugu peke yake. Ukigusa paspalamu, nayo itakufa.

Ukilazimika kupuliza

Kuna dawa mbili utakazoonyeshwa dukani, na kuchukua moja ukidhani ni nyingine ni msiba. Glaifoseti inaua kila kilicho kijani. Nimewahi kuona kompaundi nzima ikigeuka rangi ya mkeka wiki mbili baada ya "dawa ya magugu" kupulizwa na mtu aliyetumwa. 2,4-D inaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, ndiyo ya kifauongo na wenzake wakizidi mikono.

Ila 2,4-D hupeperuka. Nyanya, maharage, mchicha wa dodo, mipapai na miparachichi ya jirani inaweza kujikunja bila wewe kuvuka ukuta. Puliza asubuhi mapema, jani la mgomba likiwa limetulia kabisa. Likicheza, rudi ndani. Kusiwe na mvua kwa saa sita zinazofuata. Usikate nyasi siku mbili kabla wala siku mbili baada. Nyasi zilizopandwa karibuni zisiguswe mpaka zimekatwa mara tatu au nne. Vaa buti, glavu, mikono mirefu, kitu cha kuziba mdomo na pua. Kipimo ni cha lebo. Kuongeza kifuniko kimoja "ili ishike" huunguza jani kabla halijapeleka dawa mzizini, na gugu linachipua tena.

Nunua chupa iliyofungwa, yenye namba ya usajili wa Wizara ya Kilimo, na uchukue risiti. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda: kwanza hujui ni nini, pili mtoto akiona chupa ya soda anajua la kufanya. Pampu ya dawa ya magugu iwe ya kazi hiyo tu. Hata ukiisuuza mara tatu, mabaki ya 2,4-D yanatosha kuharibu nyanya zako.

Na kumbuka Novemba. Huo ni mwezi wa nsenene, wale panzi wanaoliwa, na asubuhi watoto wa mtaa mzima watakuwa wamepiga magoti kwenye nyasi zako wakiokota mlo. Msimu huo usipulize chochote. Na wakati mwingine wowote ukipuliza, mwambie yule jamaa anayekuja na baiskeli kukata majani ya ng'ombe wake kwamba umeyapuliza dawa, asiyachukue. Wala usiyaweke kwenye mboji ya mboga.

Kiangazi

Januari na Julai hakuna mbolea, hakuna dawa. Nyasi zikigeuka kahawia zimelala, hazijafa. Ukiwa na maji ya kutosha, mwagilia mara moja kwa wiki mpaka yazame kiganja kizima, alfajiri. Hiyo ni bora kuliko kunyunyizia kidogo kila jioni, ambako hulea mizizi ya juujuu na ndago. Ukikosa maji, ziache. Tumia muda huo kuchimba lumbugu, kunoa slasha, na kuzuia gari lisiegeshwe juu ya nyasi kavu.

Hatari kubwa ya kiangazi huja wiki ya Krismasi. Unaenda kijijini, na kijana wa kompaundi anataka kazi idumu mpaka urudi, hivyo anakata siku ya mwisho hadi chini. Mwambie mapema akate tarehe 18 au 20, aache urefu wa kidole cha shahada, na umlipe kama kwamba amenyoa yote.